Pua Imeziba na Uso Unauma: Kufuata Dalili Hadi Chanzo

Anayesimama mbele ya kaunta ya kemisti mjini Nakuru na kusema, "Daktari, nisaidie na dawa ya sainasi," anaweza kuwa na mafua ya kawaida, aleji ya vumbi, jino lililooza, kipandauso, au pua iliyozoea dawa ya matone hadi imekataa kufunguka yenyewe. Yote hayo huziba pua au huumiza uso. Ila maji ya chumvi yanayompa mmoja nafuu hayamgusi mwingine, na mwenye kipandauso anaweza kujifukiza wiki nzima bila faida. Dawa za nyumbani nazithamini sana, na kadhaa kati yake zinafanya kazi kweli, mradi zikutane na tatizo linalozifaa.

Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vyenye hewa tupu (ndivyo sainasi zenyewe, na watu huuita ugonjwa wake vivyo hivyo): kwenye paji, mashavuni, katikati ya macho, na vingine ndani kabisa nyuma ya pua. Kuta zake hutoa ute kila siku, na ute huo hupita kwenye vitundu vyembamba vya milimita chache tu kuingia puani. Utando ukivimba kwa sababu ya virusi, vumbi au moshi, kitundu hufunga na ute hubaki ndani. Ni kama sinki iliyoziba: unachokiona ni maji yaliyojaa, lakini kazi iko kwenye bomba. Kwa hiyo tiba yoyote ya nyumbani yenye maana hupunguza uvimbe, au hulainisha na kuosha ute, au hukuepusha na kile kinachokuchokoza. Hakuna jani wala mzizi unaoua sainasi.

Maswali ya kuanzia, na dalili zisizongoja

Jiulize: Imeanza lini? Iko pande zote mbili au upande mmoja? Kuna muwasho wa macho na chafya za mfululizo? Ukiyajibu haya kwa ukweli, tayari umeshajua uelekee wapi.

Kabla ya hapo, hakikisha huna dalili za hatari: jicho kuvimba au kusukumwa mbele, kuona vitu viwiliviwili, paji la uso kuvimba, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, kusinzia isivyo kawaida, au kichwa kuuma kuliko kilivyowahi kuuma maishani. Vyumba hivi vimepakana na macho na ubongo, na ukuta ulio kati yao ni mwembamba. Ukiona mojawapo, hasa kwa mtoto, nenda hospitali usiku huohuo.

Imeanza juzi, baada ya mafua

Pua imeziba, kamasi limekuwa zito, mashavu yanahisi uzito ukiinama kufunga kamba za viatu. Mara nyingi sana hii ni kazi ya virusi vilevile vilivyoleta mafua, na mwili huvimaliza wenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Kikohozi kidogo kinaweza kubaki nyuma.

Kamasi likigeuka kijani siku ya nne, usishtuke. Rangi hiyo hutoka kwa askari wa mwili, chembe nyeupe za damu, wanapopigana, na hutokea hata pale ambapo hakuna bakteria hata mmoja. Hapa ndipo watu wengi huomba "zile kapsuli za rangi mbili". Antibiotiki haziui virusi. Zinakuharishia tumbo, zinakula pesa, na zinawafundisha bakteria walio mwilini mwako kuzizoea, ili siku mtoto wako akipata nimonia dawa hiyo isimsaidie. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ndilo kosa linalofanyika kila siku katika miji yetu.

Antibiotiki huanza kuwa na hoja katika hali tatu. Ya kwanza, siku 10 zimepita na hakuna nafuu yoyote. Ya pili, ulipata nafuu kisha ukazidiwa tena, joto likapanda na uso ukaanza kuuma upya. Ya tatu, una joto la nyuzi 39 au zaidi, usaha puani na maumivu makali ya uso kwa siku tatu au nne mfululizo. Hata hapo aliyekupima ndiye aamue, si aliye nyuma yako kwenye foleni.

Kabla ya siku hizo: kunywa vitu vya moto, lala umeinua kichwa kwa mito miwili, weka kitambaa cha maji vuguvugu mashavuni, meza parasetamoli ikiwa kuna maumivu, na osha pua kwa maji ya chumvi. Chai ya tangawizi na asali huituliza koo na inafariji, iendelee. Asali tu isipewe mtoto asiyefika mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyomlegeza misuli hadi ashindwe kupumua.

Maji ya chumvi, na jinsi yanavyoharibika mikononi mwetu

Kati ya tiba zote za nyumbani, hii ndiyo ninayoiamini kuliko nyingine. Inamfaa mwenye mafua, mwenye aleji, mwenye sainasi ya muda mrefu, na mama mjamzito ambaye pua yake imeziba kwa sababu ya mimba tu. Lakini wengi huijaribu mara moja, ikawachoma, wakaiacha. Mara nyingi kosa liko kwenye maji au kwenye kipimo.

Maji kwanza. Maji yanayofaa kunywa si lazima yafae puani. Kwenye maji yasiyo ya chumvi, hasa yenye uvuguvugu, anaweza kuishi amiba ambaye ukimnywa tumbo linammaliza, lakini akipandishwa puani anafuata mishipa ya kunusia hadi kwenye ubongo. Ugonjwa huo ni nadra sana, ila karibu kila anayeupata hufa. Kwa hiyo maji ya mfereji, ya kisima, ya tangi la mvua au ya mtungi wa mtaani yachemshwe yote. Yakishatokota, yaache yatokote dakika moja ukiwa mjini Kisumu au Nakuru. Ukiwa Molo, Njoro au Mau Narok, juu ya mita 2,000, yaache dakika tatu, kwa sababu huko juu maji hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Yafunike, yapoe hadi yawe vuguvugu, na yale ya leo yasivuke hadi keshokutwa.

Kisha kipimo. Nusu lita ya maji hayo, kijiko kimoja kidogo cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa kwa kisu bila mlima juu, na nusu kijiko cha bekingi soda. Soda hiyo hupunguza mchomo. Isichanganywe na bekingi pauda, ambayo ina wanga na asidi. Wala usitumie magadi ya kupikia mboga, hata kama jikoni kwenu yamepika kunde na mrenda tangu enzi za bibi. Ni makali mno kwa utando wa pua. Chumvi ya mezani nchini Kenya huongezwa madini joto, na kuna pua zinazowashwa nayo. Ikiwa umechanganya sawasawa na bado inachoma, muulize mwenye kemisti chupa ya maji ya dripu ya chumvi, yale ya asilimia 0.9. Ni safi, kipimo chake ni sawa, na hayahitaji kuchemshwa. Ukishafungua chupa, yatumie ndani ya siku moja.

Maji matupu yasiyo na chumvi ndiyo yanayochoma kuliko yote. Anayesema "niliogopa chumvi nikaweka kidogo" amejitafutia maumivu zaidi.

Kwa kuoshea, nunua sirinji kubwa isiyo na sindano, ya mililita 20, au chupa laini ya kubinya. Inama juu ya beseni, geuza kichwa pembeni kidogo, fungua mdomo na upumue kwa mdomo. Sukuma maji polepole kwenye tundu la juu, ukielekeza nyuma ya kichwa wala si juu kwenye macho. Yatatokea tundu la pili. Yakishuka kooni, inamisha paji la uso zaidi na utamke "aaa" ukiendelea. Baadaye penga kamasi taratibu, tundu moja baada ya jingine. Anayepenga kwa nguvu zote huku amebana pua husukuma uchafu kuelekea masikioni na kurudi ndani ya vyumba tunavyojaribu kuvisafisha. Osha sirinji kwa maji yaliyochemshwa, ianike ikauke, na kila mtu awe na yake.

Ikiwa pua imeziba kabisa hadi maji hayapiti, usilazimishe. Kaa kwanza kwenye mvuke wa bafu la moto dakika chache, kisha ujaribu tena. Mwenye sikio linalouma sana asubiri.

Kujifukiza

Najua mapenzi tuliyo nayo kwa nyungu. Majani ya mkaratusi, mwarobaini, mchaichai, shuka kichwani, jasho linatiririka. Mvuke huleta faraja, hulainisha kamasi kwa muda, na mtu mzima mwenye mafua hulala vizuri baada yake. Ile baridi ya mkaratusi na ya marashi ya kupaka kifuani hukufanya uhisi pua imefunguka hata pale ambapo upana wa njia haujabadilika. Faraja si kitu kidogo usiku wa manane. Tusitegemee tu kwamba mvuke umemaliza ugonjwa.

Madhara yake ninayoyaogopa ni ya moto. Sufuria iliyowekwa mapajani au kitandani humwagika, na ngozi iliyounguzwa na maji yanayotokota huchukua wiki nyingi kupona. Weka sufuria mezani, iepue jikoni kwanza, ngoja dakika chache, na ukae umbali wa mkono. Mtoto asifukizwe kabisa, hata akiwa amebebwa na mtu mzima. Na katika nyumba za Molo na Elburgon ambako jiko la makaa huingizwa ndani kwa sababu ya baridi, usijifukize juu ya jiko linalowaka huku madirisha yamefungwa. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na imeua familia zilizokuwa zinaota moto tu.

Chafya, macho yanawasha, kamasi kama maji

Hapa si maambukizi, ni aleji. Hakuna joto mwilini, kamasi ni jepesi, na hali hurudi kwa mtindo uleule: kila asubuhi ukiamka, kila ukifagia, kila Januari hadi Machi. Udongo wa Nakuru ni wa majivu ya volkano, mwepesi, na upepo wa kiangazi huupandisha hadi kwenye mashuka. Mvua ikija, vumbi hutulia, lakini nyasi huchanua na ukungu huota kwenye kuta za vyumba visivyopata jua. Wakati wa mavuno Njoro na Mau Narok kuna makapi ya ngano. Molo kuna waliochuma pareto wakagundua kuwa maua hayo yanawawasha ngozi na pua. Wanaoishi karibu na jaa la Gioto wana moshi wa taka. Jikoni kuna moshi wa kuni kwa wengi wetu.

Tafuta chanzo chako kwa kuangalia unapopata nafuu. Ukienda mashambani kwa wiki moja pua ikafunguka, kisha ikaziba usiku wa kwanza uliporudi, shuku kitanda chako. Ndani ya godoro, mito na blanketi kuna wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaokula magamba ya ngozi, na kinyesi chao ndicho kinachochokoza. Fua mashuka kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 55 hadi 60, anika blanketi na godoro juani, na tia mto wa zamani mfuko wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, au uuache. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, au tumia kitambaa kibichi. Funga kitambaa puani unapopepeta maharagwe au kupukuchua mahindi. Osha pua jioni ukirudi kazini, hasa wewe wa bodaboda uliyemeza vumbi la barabara kutwa nzima.

Ikibidi dawa, setirizini, tembe ya aleji, haisinzishi kama zile tembe ndogo za zamani za njano, na anayeendesha chombo ajue tofauti hiyo. Ikiwa tatizo kubwa ni kuziba, dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, yaani kituliza uvimbe, ndiyo bora, lakini inahitaji kutumiwa kila siku, na nguvu yake kamili huja baada ya wiki moja au mbili. Ipulize baada ya kuosha pua, si kabla. Elekeza upande wa nje, kuelekea sikio, kwa mkono wa kulia kwenye tundu la kushoto na kinyume chake. Ukiilenga ukuta wa katikati, pua itatoka damu.

Inafunguka kwa matone, kisha inaziba zaidi

Matone au dawa ya kupuliza inayofungua pua ndani ya dakika tano ni msaada mkubwa kwa siku tatu, tano ikizidi. Baada ya hapo utando hujifunza kuvimba kila dawa inapoisha nguvu, na mtu hujikuta anabeba kichupa mfukoni miezi sita akiamini ana sainasi sugu. Chanzo ni kichupa chenyewe. Njia ya kutoka ni kukiacha. Baadhi huacha tundu moja kwanza, kisha la pili wiki inayofuata. Maji ya chumvi na steroidi ya kupuliza husaidia kuvuka siku hizo ngumu. Mwenye presha aangalie pia tembe za mafua za kufungua pua, kwa sababu baadhi yake hupandisha presha.

Ni upande mmoja tu

Dalili ikikaa upande mmoja, acha kuiita sainasi hadi uhakikishe. Mizizi ya magego ya juu inagusana na sakafu ya chumba cha shavuni, kwa hiyo jino lililooza huweza kumwaga usaha humo. Ishara yake ni harufu mbaya unayoisikia wewe mwenyewe, ladha chafu mdomoni, na maumivu ukitafuna. Hapo anayehitajika ni daktari wa meno, na pua haitapona jino likiwa bado pale.

Mtoto mdogo mwenye kamasi linalonuka upande mmoja, fikiria kwanza punje ya mahindi, haragwe au shanga. Usichokonoe kwa kijiti. Ikiwa kuna uwezekano ni betri ya duara ya saa au ya kichezeo, ni dharura ya sasa hivi, maana huunguza tishu ndani ya saa chache.

Baada ya ajali ya pikipiki au kuanguka, maji meupe kabisa yanayodondoka tundu moja ukiinama yanaweza kuwa maji ya ubongo. Usipenge, usioshe, nenda hospitali. Na damu inayotoka upande mmoja mara kwa mara, sikio la upande huo kuziba, au uvimbe shingoni, vinahitaji daktari wa masikio, pua na koo aangalie ndani kabisa, kwa sababu saratani ya nyuma ya pua huanza hivyo.

Kichwa kinauma sana, kamasi hakuna

Kama maumivu hudumu saa kadhaa au siku mbili, yanagonga kwa mapigo, mwanga unakuudhi na kichefuchefu kinakuja, hicho ni kipandauso hata kama unakihisi kwenye shavu na macho yanalengalenga machozi. Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa watu 2,991 walioamini wana maumivu ya sainasi, na asilimia 88 kati yao walikutwa na dalili za aina ya kipandauso. Chumba chenye giza, maji ya kunywa, usingizi na dawa ya maumivu iliyomezwa mapema vitakusaidia kuliko nyungu.

Vitu vya kutotia puani

Punje za kitunguu saumu: kamasi linalomwagika ukizitoa ni pua inayolia kwa kuunguzwa, wala si uchafu uliokuwa ndani. Maji ya limau, mafuta ya taa, mafuta ya karafuu yasiyochanganywa, juisi ya kitunguu na ya mwarobaini viache pia. Ugoro huwapa wazee chafya ya kufungua pua, lakini unauchubua utando siku baada ya siku.

Imevuka miezi mitatu

Dalili zikifika wiki 12, jambo limebadilika. Inaweza kuwa ukuta wa pua uliopinda, vinyama laini vinavyoota ndani na kumnyima mtu harufu ya chakula, au kwa mtoto anayekoroma na kulala mdomo wazi, tezi zilizo nyuma ya pua. Mwenye pumu awe makini zaidi, kwani pua isiyotibiwa huichochea pumu, na wapo ambao vinyama, pumu na kudhurika kwa aspirini huja pamoja. Endelea na maji ya chumvi, lakini omba rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo, iwe katika hospitali ya rufaa ya kaunti ya Nakuru, ile ambayo wengi bado huiita PGH, au ile ya Jaramogi pale Kisumu. Beba vichupa vyote ulivyotumia, hata vilivyoisha, na umwambie ni lini ulinusa vizuri mara ya mwisho, upande gani ulianza, na kama kuna mtu nyumbani aliyepata nafuu ya dalili hizi alipohama chumba au kubadili jiko.